Enid, mabinti zake na cheti: jibu kwa mama wa Coventry

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Coventry, Uingereza, mwaka wa kumi na nne sasa, nabeba boksi kama wenzangu. Usiku naangalia wazee, asubuhi nasafisha ofisi. Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa mwisho kabla ya mtihani wa GCSE, na shuleni wanasoma tamthilia inaitwa Leave Taking, ya mama Mjamaika na mabinti zake wawili wanaoishi London. Juzi akaniambia, "Mama, huyu Enid ni wewe kabisa." Nikafurahi. Nikakichukua kitabu nikakisoma mwenyewe, kwa kamusi, siku nne, na furaha ikaisha. Mama anajimaliza kwa ajili ya masomo ya watoto, halafu anaonekana kama mtu asiyewaelewa watoto wake mwenyewe. Naomba unieleze: mwandishi anasema elimu haina maana? Na huyu binti ameambiwa aandike insha kuhusu mitazamo ya wahusika juu ya elimu. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa zile siku nne za kamusi. Wengi wanaoniuliza kuhusu tamthilia fulani hawajaisoma, wamesoma muhtasari wake. Wewe umeisoma na usingizi wa zamu ya usiku ukiwa machoni, ndiyo maana imekuuma mahali ambapo muhtasari haufiki.

Nianze na lile la kwanza ili roho itulie. Hapana, Winsome Pinnock hasemi elimu haina maana. Ndani ya nyumba ile hakuna hata mmoja anayeichukia elimu. Wanachogombania ni neno lenyewe. Kila mmoja akilitamka ana kitu chake kichwani, na kwa kuwa neno ni moja, wanadhani ugomvi nao ni mmoja. Sisi Waswahili hapa tuna nafuu kidogo, maana lugha yetu imevitenga vitu hivi zamani: kuna shule, kuna masomo, kuna maarifa, kuna ujuzi, kuna malezi. Tunasema fulani kasoma lakini hakuelimika, na hakuna anayeuliza tuna maana gani. Hata chuo, neno ambalo leo tunalipachika ukubwa tukapata Chuo Kikuu, bibi zetu wa pwani walimaanisha pale kwenye mkeka watoto wanapojifunza Kurani. Basi uisome tamthilia hii ukiwa na maneno yote hayo mfukoni, utaona kelele za nyumba ya Enid zinagawanyika zenyewe.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaiona: Pinnock alizaliwa London mwaka 1961, wazazi wake Wajamaika. Leave Taking, yaani kuagana, ilipanda jukwaani mara ya kwanza Liverpool mwaka 1987. Mwaka 1994 ikachukuliwa na National Theatre, ikawa tamthilia ya kwanza ya mwanamke Mwingereza mweusi kuonyeshwa na jumba hilo. Wahusika ni watano tu. Enid ndiye mama. Viv ni binti msomi, yuko mbioni kufanya mitihani ya kuingilia chuo kikuu. Del ni dada yake, anayerudi nyumbani usiku wa manane na mwishowe anaondoka kabisa, akiwa mjamzito. Brod ni rafiki wa familia wa siku nyingi, mtu wa chupa na wa hadithi. Na Mai ni mwanamke wa obeah, tuseme mganga, anayeagulia watu katika chumba chake cha kupanga. Huko ndiko mchezo unakoanzia: mama mwenye mchungaji wake na kanisa lake amewaburuta mabinti kwenda kutazamiwa viganja.

Sasa Enid. Unamjua, wala huhitaji mimi. Kaja toka kijijini Jamaika, analea peke yake, anafanya kazi za kuvunja mgongo, na barua zinaingia toka nyumbani, ndugu yake akiomba hela. Umeshapigiwa simu na mtu anayeanza na "habari za huko" na kumalizia na ada ya mtoto wa shangazi? Barua za Enid ndizo hizo hizo, tofauti zilikuwa zinakuja kwa posta. Kwa Kiswahili cha mjini tungesema Enid naye ni mbeba boksi, wa kizazi kilichotangulia.

Kwake elimu ni cheti. Lakini usiliseme neno hilo kwa dharau, kama wanavyofanya baadhi ya wachambuzi walioshiba vyeti. Watu wa umri wa Enid walikuwa na sababu ya kukiabudu. Chukua wauguzi. Wanawake wengi wa Karibiani walioitwa kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza miaka ya 1950 na 1960 walisukumwa kwenye mafunzo ya miaka miwili ya uuguzi wa daraja la chini, wakati mafunzo kamili yalikuwa ya miaka mitatu. Wengi hawakuelezwa tofauti. Wodini ilikuwa kazi ile ile, matapishi yale yale, ila cheti cha miaka miwili hakikumpandisha mtu, na nchi nyingi walikotoka hazikukitambua. Kwa hiyo mtu aliyeondoka nyumbani akiahidi kurudi nesi hakuweza kurudi nesi. Mama aliyeyaona hayo kwa jirani yake, au kwa mwenzake wa kanisani, akimwambia bintiye "soma upate karatasi", hana tamaa. Anakumbuka kilichowapata wenzake.

Kuna la pili, na hili ndilo ningependa binti yako alione. Cheti cha Viv si cha Viv peke yake. Ni risiti ya Enid. Mtu aliyeondoka kwao akamwacha mama yake anadaiwa, kila siku, jibu la swali ambalo labda hakuna aliyemuuliza kwa mdomo: ulikwenda kufanya nini? Mshahara haujibu, maana unaisha. Nyumba haijibu, maana ni ya kupanga. Mtoto mwenye digrii anajibu. Halafu, katikati ya mchezo, habari inafika kwamba mama yake amefariki huko Jamaika. Yule aliyekuwa aonyeshwe risiti hayupo tena. Rudi usome maneno ya Enid kuhusu masomo baada ya hapo, utasikia yamebadilika sauti. Si mama mkali tena anayemsukuma mtoto. Ni mtoto aliyechelewa.

Wapo wanaodhani wazazi wa Karibiani waliipata hii homa ya shule baada ya kufika Uingereza. Si kweli, walikuja nayo. Miaka michache tu tangu Windrush, meli iliyowaleta wahamiaji wa Karibiani, ilipotia nanga Uingereza mwaka 1948, mwigizaji wa Trinidad aitwaye Errol John aliandika tamthilia inayoitwa Moon on a Rainbow Shawl, ikashinda shindano la gazeti la Observer mwaka 1957 na kuonyeshwa London mwaka uliofuata. Yote inatokea kwenye uwanja mmoja wa nyumba za kupanga mjini Port of Spain, kama zile za Magomeni zenye bomba moja na choo kimoja. Kuna msichana anaitwa Esther, amepata nafasi ya masomo ya sekondari kwa akili zake. Lakini nafasi haivai sare wala hainunui vitabu. Baba yake, mcheza kriketi wa zamani aliyeishia kwenye pombe, anaiba pesa kwenye mkahawa wa mwenye nyumba ili mtoto asome, na anakamatwa. Wakati huo huo jirani yao, dereva wa basi, anafunga mizigo kwenda Uingereza na kumwacha msichana aliyempa mimba. Sisemi Enid ni Esther aliyekua. Nasema ukitaka kujua mama wa London anaogopa nini anapoona binti anachezea masomo, mtazame baba wa Port of Spain akiingia jela kwa ajili ya sare.

Brod ana elimu yake tofauti, na kwangu mimi ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote, pamoja na ulevi wake. Brod ndiye anayewauliza wale mabinti kama wanamjua Nanny, yule mwanamke wa Wamaroon, watumwa waliotoroka wakaweka ngome milimani Jamaika na kupigana na Waingereza katika karne ya 18. Hadithi hiyo mabinti hawakuipata darasani London, na mama yao hakuwa na muda wala hamu ya kuwapa. Enid anadhani yaliyopita ni mzigo, mtu anayekwenda mbele auache bandarini. Brod anadhani mtoto asiyeambiwa habari ya Nanny hajasoma chochote, hata akijaza kabati vyeti.

Lakini angalia ujanja wa mwandishi. Brod huyu huyu ndiye aliyefundishwa kupita wote na himaya. Anasimulia alivyokuwa akijiona raia wa Uingereza maisha yake yote, alivyopunga bendera Siku ya Himaya, alivyoigusa kofia yake kila alipoiona picha ya malkia. Kisha siku moja barua ikamfikia: tengeneza karatasi zako za uraia au uondoke. Hilo halikutungwa. Sheria ya uraia ya 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, iliwafanya watu wengi waliokuja wakijiona raia walazimike kujiandikisha, tena kwa ada. Kwa hiyo anapowahubiria wasichana kuhusu Nanny, usimchukulie kama mwanaharakati. Ni mwanafunzi bora aliyegundua uzeeni kwamba somo alilolikariri lilikuwa na uongo ndani yake. Na tamthilia iliporudishwa jukwaani katika ukumbi wa Bush, London, mwaka 2018, magazeti ya wiki zile zile yalijaa habari za wazee wa Karibiani waliokuwa wakinyimwa matibabu na kazi, wengine wakifukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa Brod anazungumzia nini.

Na hapa tuna undugu nao zaidi ya rangi. Wazee wetu waliobahatika kufika sekondari enzi za mkoloni, karatasi zao zilisahihishwa Cambridge, huko huko zilikosahihishwa za Jamaika na Trinidad. Wenzetu wa Karibiani walianzisha baraza lao la mitihani mwaka 1972; Tanzania ikaanzisha lake mwaka 1973. Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita huko Tanga alikuwa anaweza kutaja mito ya Uingereza kwa mpangilio, macho kafumba, na Mto Pangani aliuvuka kila Jumamosi bila kuuzungumzia hata siku moja. Nilipokutana na Brod kitabuni, nilimjua papo hapo.

Sasa turudi London, maana kuna jambo ambalo tamthilia inalipita kimyakimya kwa sababu watazamaji wa 1987 walilijua, na binti yako hawezi kulijua asipoambiwa. Nalo ni hili: shule ambayo Enid anaiamini kiasi kile haikuwaamini watoto wa akina Enid.

Miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa na shule maalumu za watoto waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1971 mwalimu kijana kutoka Grenada, Bernard Coard, aliyekuwa amefundisha kwenye shule za aina hiyo London, alitoa kijitabu kilicholipuka kama baruti. Alionyesha, kwa takwimu za mamlaka ya elimu ya London yenyewe, kwamba mwaka 1967 watoto wa wahamiaji walikuwa asilimia 15 hivi katika shule za kawaida, lakini asilimia 28 hivi katika zile za akili pungufu, na robo tatu ya hao walikuwa watoto wa Karibiani. (Coard huyu baadaye alirudi kwao, akawa naibu waziri mkuu wa serikali ya mapinduzi, na akafungwa miaka mingi baada ya waziri mkuu wake, Maurice Bishop, kuuawa mwaka 1983. Lakini hiyo ni tamthilia nyingine, na ya kutisha.)

Walifikaje huko watoto wale? Sehemu kubwa kwa kupimwa akili na majaribio yaliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza wa tabaka la kati. Coard anatoa mfano wa neno dogo sana. Kile kitu kilichoko ukutani ambacho ukikizungusha maji yanatoka, Mwingereza ana neno lake. Mtoto wa Karibiani anatumia neno lile lile la bomba linalopita ardhini. Wewe na mimi hatuoni tatizo, kwa sababu Mswahili naye husema fungua bomba, funga bomba, na bomba la barabarani limepasuka, neno moja. Mbele ya mpimaji lakini mtoto huyo hajui jina la kitu kilichoko jikoni kwao. Pigia mstari. Yafuatie maneno ya aina hiyo kumi, umepata mtoto mwenye akili pungufu.

Wazazi hawakukaa kimya. Mwaka 1969 halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, ilipotaka kuwagawa watoto shuleni kwa uwezo, wazazi wa Karibiani walisimama kupinga. Mwaka huo huo John La Rose, mshairi na mchapishaji kutoka Trinidad, alianzisha nyumbani kwake shule ya Jumamosi, akaipa jina la George Padmore, yule Mtrinidad aliyefanya kazi bega kwa bega na Jomo Kenyatta kuandaa Kongamano la Umoja wa Waafrika la Manchester la 1945. Duka la vitabu la La Rose, New Beacon, ndilo pia lililokichapa kijitabu cha Coard. Shule za Jumamosi zikaota kila mji wenye Wakaribiani: sebuleni, kwenye vyumba vya makanisa, watoto wakifundishwa hesabu na kusoma, na pia hao akina Nanny. Serikali ilichelewa. Tume ya kuchunguza ilitoa taarifa yake ya awali mwaka 1981 na kubwa mwaka 1985, ikikiri kwamba watoto hao walikuwa wanaangushwa na kwamba ubaguzi, hata ule wa walimu usiokusudiwa, ulikuwa na mkono wake. Miaka miwili baadaye pazia la Leave Taking likafunguliwa.

Ukishajua hayo, Viv hawi tena mtoto mtundu anayemsumbua mama. Viv ameshinda mchezo ambao wenzake wengi wameshindwa, na sasa yuko karibu na mlango wa chuo anaanza kujiuliza: katika vitabu vyote hivi nilivyovimeza, mimi niko ukurasa gani? Anajua kuandika insha kuhusu wafalme wa Kiingereza na hajui lugha ya kumwelezea mama yake. Hili ndilo lililokuuma wewe, nadhani. Wewe ulimwona mtoto anayeitupa zawadi. Mimi namwona mtoto anayefungua zawadi na kukuta sanduku halina kitu alichohitaji, na hajui aseme bila kumvunja moyo aliyeileta. Viv hataki kuacha kusoma. Anauliza asome nini.

Na uone mzaha wa historia, dada. Msichana wa mwaka 1987 analalamika kwamba vitabu vya shule havimjui. Leo kitabu chenye malalamiko yake kiko kwenye orodha ya bodi za mitihani za Uingereza, na binti wa Mswahili Coventry anakisoma kwa ajili ya mtihani, na anamwona mama yake ndani. Sijui Viv angecheka au angelia.

Bado Del, na bado Mai, na hapa lazima niseme kwamba sikubaliani na mwandishi kwa asilimia mia. Del ndiye ambaye hakuna aliyewahi kumtegemea asome. Anapoondoka nyumbani anaishia kwa Mai, yule yule mganga ambaye mama yake alimpeleka kwake arekebishwe, na polepole anaanza kujifunza kazi ya Mai: kusoma viganja, kumsikiliza mtu anayelia, kunyamaza inapofaa. Yaani mtoto aliyekosa mwalimu anampata mwalimu, na shule yake ni chumba cha kupanga. Kwetu tunalijua hili vizuri. Mganga hapewi cheti, anapewa mkoba, na hapewi mpaka aliyemtangulia amtazame miaka na kuridhika. Jamaika yenyewe ina sheria ya tangu 1898 inayokataza obeah, sheria ya kikoloni ambayo haijafutwa, kwa hiyo maarifa ya Mai ni yale ambayo dola iliyaita uhalifu na shule ikayaita ujinga. Kuyaweka jukwaani, mbele ya watazamaji wa Kiingereza, na kuyaonyesha kama elimu yenye mwalimu na mwanafunzi, huo ulikuwa ujasiri.

Ninachobishana nacho ni wepesi wake. Del ana mimba. Mtoto atakula. Mai mwenyewe anaishi katika chumba kisichotamanisha, na wateja wake ni akina Enid, watu wasio na hela. Enid akisema kazi hiyo haitamfikisha binti mahali, nami niko upande wa Enid, na nadhani mama yangu aliyekaanga vitumbua Ngamiani ili nisome angekuwa upande huo pia. Tamthilia inampa Del hekima na haimpi kodi ya nyumba. Lakini labda hiyo nayo ni kazi ya jukwaa, kutuachia deni tutoke nalo.

Ukiona binti yako ana hamu, mwambie atafute na Strange Fruit ya Caryl Phillips, aliyezaliwa Saint Kitts na kukulia Leeds. Ilionyeshwa Sheffield mwaka 1980. Mle mama ni mwalimu kabisa, jina lake Vivien, asije akamchanganya na Viv wetu. Huyo amefika pale Enid anapopaota: ana kazi ya heshima, nyumba safi, watoto wa kiume wawili wenye akili. Na wale vijana wanamgeuka, kwa sababu amewapa shule yote na kuwaficha kwao na walikotoka. Ni tamthilia yenye hasira zaidi na isiyo na Brod wa kupoza. Ukizisoma pamoja unagundua kwamba kosa la Enid si umaskini wa kisomo. Mama aliyesoma kalifanya pia.

Sasa insha. Mwambie binti asithubutu kuanza na "Enid anathamini elimu lakini Del haithamini." Msahihishaji atakuwa ameisoma sentensi hiyo mara mia kabla ya chai ya saa nne, na zaidi ya hapo si kweli. Achague kauli moja tu ya Enid kuhusu masomo ya Viv, aishike, aulize: hapa mama anamzungumzia nani? Viv? Yeye mwenyewe? Au yule bibi wa Jamaika? Akipata jibu, aandike alivyolipata, kwa maneno yaliyomo kitabuni. Kisha atazame vyumba. Sehemu kubwa ya mchezo inakwenda na kurudi kati ya nyumba ya Enid na chumba cha Mai, na vyote viwili ni madarasa. Nani anafundisha wapi? Nani anakaa kimya wapi? Enid anayeamrisha kwake, akifika kwa Mai anakuwa nani? Na asiisahau lugha: Enid na Brod wanazungumza Kipatwa, lugha ya mitaani na vijijini Jamaika, mabinti wanazungumza Kiingereza cha London. Mama amelipa, kwa jasho, ili watoto wapate lugha ambayo yeye mwenyewe haitamki hivyo. Mtoto anayeongea na mama kwa Kiswahili chumbani na kuandika insha kwa Kiingereza mezani ana la kusema hapo kuliko mwalimu wake.

Historia ya shule za akili pungufu aitumie kidogo, sentensi mbili tatu, pale inapoeleza kitu kwenye mchezo. Wanafunzi wengi wakishaipata wanaimwaga yote na tamthilia inazama.

Na wewe, kabla hajaandika, muulize swali moja. Alikuwa amefika ukurasa gani aliposema "huyu ni wewe"? Kama ni pale mama anapopiga kelele kuhusu mtihani, alikuwa anakutania, mcheke naye. Kama ni pale habari za msiba zinapoingia toka nyumbani, basi keti naye chini umsimulie siku ulipopokea simu ya namna hiyo ukiwa huko, kazini, na zamu haijaisha. Sidhani kama umewahi kumwambia.